Tanzia: Argus II

Argus II, kifaa cha kupandikizwa ndani ya jicho la kipofu, ametutoka. Second Sight, kampuni ya Sylmar, California, iliacha kumtengeneza mwaka 2019, na Machi 2020 ikawaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Wagonjwa wengi hawakuarifiwa na kampuni.

Marehemu alitanguliwa na Argus I mwenye elektrodi 16. Yeye alikuwa nazo 60. Ulaya ilimpa kibali mwaka 2011, Marekani ikafuata Februari 2013. Mmoja wa waliombuni, Daktari Mark Humayun, alivutwa na tiba ya macho baada ya bibi yake kupofushwa na kisukari.

Alikuja kwa ajili ya wenye retinitisi pigmentosa, maradhi ya kurithi yanayoua chembe zinazopokea mwanga nyuma ya jicho. Chembe za ndani zaidi hubaki hai kwa wingi, na hapo ndipo marehemu alipopatia riziki. Kamera ndogo kwenye miwani ilipiga picha, waya ukaishusha hadi kwenye kompyuta iliyovaliwa kiunoni, nayo ikairudisha kama ishara zilizorushwa bila waya hadi ndani ya jicho. Elektrodi zikasisimua chembe zilizosalia, na mshipa wa macho ukaupelekea ubongo habari.

Asisifiwe kwa asichokuwa nacho. Rangi hakuleta, nyuso hakuzichora. Alileta vimulimuli, na mtu alijifunza kwa miezi kutembeza kichwa taratibu ili ajue mlango uko wapi na ukingo wa barabara unaishia wapi. Aliyefanya vizuri kupita wote katika majaribio alihitaji kusogea hadi futi 20 ili aone kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa futi 1260. Bei yake ilikuwa kama dola 150,000, mbali na upasuaji. Hata hivyo, kwa aliyeishi gizani miaka mingi, kujua kwamba mtu amesimama mbele yako kabla hajasema neno si jambo dogo, na siwezi kulidharau.

Wafiwa ni zaidi ya watu 350 duniani. Msiba wao ni wa aina yake, kwa sababu maiti imebaki ndani ya macho yao. Kukitoa kifaa ni upasuaji mwingine wenye hatari zake. Miwani ikivunjika, vipuri havipo dukani. Anayehitaji kipimo cha MRI, daktari wake anatafuta wa kumuuliza masharti ya usalama. Kampuni ilikuwa imeelekeza nguvu kwa Orion, kifaa cha kupandikizwa kwenye ubongo. Kutafuta kilicho bora ni haki yake. Kuwaacha waliojitolea miili yao bila fundi ni dhuluma, na sheria za vibali hazikuizuia.

Sasa yupo PRIMA, kijipande cha milimita 2 kinachowekwa chini ya retina. Matokeo yaliyochapishwa Oktoba 2025 yanaonyesha wazee waliopoteza uoni wa katikati wakisoma tena herufi na maneno. Nimefurahi kwelikweli. Lakini Pixium Vision ya Ufaransa, iliyomlea, ilifilisika, na Science Corporation ya Marekani ikamnunua mwaka 2024. Kwa hiyo kabla hajaingizwa sokoni, wenye mamlaka ya vibali wadai kwa maandishi: nani atatunza vipuri, nani atakabidhiwa michoro, na fedha za matengenezo zimewekwa benki gani kampuni ikianguka tena.