Breakfast ya magharibi

Nilipotea kidogo, zamu zimenibana kwelikweli.

Leo nina kisa cha neno moja tu, breakfast. Ramadhani ya 2024, hapa Mayfair, nilimkuta mzee mmoja wa Kisomali, jirani yangu, amekaa chini nje ya duka pale 8th Avenue. Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Kiswahili chake ni cha Eastleigh, Nairobi, alikoishi miaka mingi. Alikuwa na kipimo chake mfukoni, nikampima: sukari 2.4! Nikamfungulia soda. Akaisukuma.

"Binti yangu, bado dakika arobaini tu."

Jamani, nilimbembeleza... Mwishowe akanywa, machozi yanamlenga.

Kosa lilikuwa langu. Kabla ya mwezi kuandama aliniletea pakiti ya gliclazide, kidonge kimoja kwa siku, nimsomee. Imeandikwa ameze wakati wa breakfast. Nikamwambia, mzee wangu, meza na chai ya asubuhi. Ramadhani ilipoingia, chai ya asubuhi ikawa daku. Akawa anameza alfajiri, halafu mchana kutwa tumbo tupu huku dawa inashusha sukari. Nesi mzima, sikumwuliza kama atafunga!

Kumbe ningemfasiria neno lenyewe. Break ni kuvunja, fast ni saumu. Waingereza wanalo tangu karne ya 15, ni mlo wa kwanza baada ya usiku bila kula. Tukitamka "brekfasti" ile break inajificha, hakuna anayeisikia tena. Dinner nayo, amini usiamini, imetoka Kilatini kupitia Kifaransa cha zamani kwa maana hiyohiyo ya kufungua saumu. Mlo ukahama, jina likabaki. Waarabu nao jina la chakula cha asubuhi wamelitoa kwenye mzizi uleule wa futari yetu. Na kifungua kinywa je? Kinywa kilichofungwa ndicho kinachofunguliwa.

Kwa hiyo kwa mtu aliyefunga, breakfast ni magharibi. Na kidonge kama kile, cha mara moja kwa siku, Ramadhani huhamishiwa futari. Ndivyo daktari wake alivyofanya kesho yake.

Ile siku ya soda mzee aliilipa baada ya Idi. Siku hizi akipita mlangoni kwangu ananichokoza: "Sista, leo breakfast saa ngapi?"