Kidole Gumba cha Bosco

Spika ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya redio ya baba. Ilikuwa Philips ya zamani, ya zile unazowasha kisha ukangoja taa zake za ndani zipate joto ndipo zianze kusema. Mwaka ulikuwa 1982, nina miaka kumi na miwili, na baba alikuwa zamu ya usiku kwenye tanuru za shaba, chini ya lile dohani refu ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua. Karatasi ya spika ilikuwa imechanika ubavuni. Nikaiziba kwa kipande cha daftari na gundi ya bukari, yaani ugali wetu. Asubuhi baba aliporudi nikamwashia, na bahati ikawa kwamba redio inapiga gitaa la Mwenda Jean Bosco. Baba akasimama na kofia ya kazi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Njo yeye," akasema. "Lakini eko na mafua."

Nimekuwa fundi wa redio kwa zaidi ya miaka thelathini, na sijapata kipimo kinachoshinda hicho. Redio ile iliuzwa baadaye ili nilipiwe ada ya shule. Ninachokumbuka zaidi ni mgongo wa spika yake: kikombe cha chuma kisichozidi ngumi ya mtoto, na ndani yake sumaku ndogo yenye nguvu ya ajabu. Iling'ang'ania bisibisi yangu kama kaa.

Aliyenieleza sumaku ile ni nini ni fundi aliyenifundisha kazi, mzee mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Ilikuwa alniko, jina lililofumwa kwa herufi za kwanza za alumini, nikeli na kobalti. Kobalti, akaniambia, ni ya kwetu. Wakati huo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ilitoka katika ardhi hii ya Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba. Nilikuwa kijana, na habari ile ilinigusa sana: baba anakesha kwenye tanuru, na kumbe mali inayochimbwa pamoja na shaba yake imezunguka ulimwengu na kurudi nyumbani kwetu ndani ya redio, ili impigie gitaa la Bosco, mtu wa Bunkeya.

Kisha akaniwekea spika mbili mezani, ya zamani na mpya. Mpya ilikuwa na duara pana jeusi, zito, kama tairi la kigari cha mtoto. Hiyo ni feraiti, sumaku ya oksidi ya chuma, isiyohitaji kobalti hata chembe. Nikauliza kwa nini wameacha ile ndogo. Akanijibu kwa neno moja: "Kolwezi."

Mwezi wa tano wa 1978 wapiganaji waliotoka Angola waliiteka Kolwezi, mji wa migodi. Migodi ikasimama, watu wengi wakauawa, na bei ya kobalti katika masoko ya dunia ikaruka mara kadhaa. Viwanda vya spika vya Marekani na Ulaya vilivyokuwa vimejenga jina kwa alniko havikuweza kubeba gharama. Ndani ya miaka michache karibu vyote vikahamia feraiti. Hadi leo wapo wapenzi wa muziki huko wanaotafuta spika za kabla ya mwaka ule na kuapa kwamba sauti yake ina utamu uliopotea. Sidhani kama wengi wao huwakumbuka waliokufa Kolwezi. Mimi kila nikigeuza spika nikaona duara jeusi, nawakumbuka.

Miaka ikaenda. Alniko zikawa haba mezani kwangu, kaseti zikaja zikaondoka, na vitu vyote vikaanza kupungua uzito. Sumaku za neodimi, zilizovumbuliwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikaingia mpaka kwenye simu. Zina nguvu kuliko alniko na feraiti, na kipande chenye ukubwa wa kifungo cha shati kinatosha. Niliona kazi yangu ikigeuka kutoka kurekebisha na kuwa kutupa, kwa sababu spika ya simu haishonwi kwa gundi ya bukari.

Kwa hiyo mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ya Lubumbashi ikiwa imeshika na kila mtu kavaa sweta, mtoto wa kaka yangu anayeishi Brussels alipoingia kibandani kwangu na sanduku gumu kama la mpiga tarumbeta, nilidhani ameleta kifaa cha kurekodia. Akatoa kaske, ndivyo tunavyoziita hedifoni huku kwetu. Ilikuwa ya chuma cheusi, kila sikio na duara pana kuliko kiganja, na nyuma yake hakuna kifuniko ila wavu. Ukiiinua juani unaona mwanga unapenya.

"Baba mudogo, bei yake inapita dola elfu moja. Sikiliza kwanza, kisha utaniambia."

Kabla ya kusikiliza niliitazama kwa saa nzima. Katika spika ya kawaida, waya huzungushwa kuwa koili, koili inagandishwa kitovuni mwa karatasi, na umeme ukipita koili inasukuma karatasi kutoka katikati. Kingo zinafuata zikichelewa, na mara nyingine zinayumba kivyao. Hapa hakuna koili. Kuna utando mwembamba kupita ngozi ya kitunguu, na njia ya umeme imelazwa juu yake, inapanda na kushuka uso mzima. Safu za sumaku za neodimi zimewekwa sambamba nao. Umeme ukipita, utando unasogea wote kwa pamoja, kama turubai lililoshikwa na watu pande zote wakaliinua kwa sauti moja. Wazo lenyewe si geni. Yamaha walitoa hedifoni ya namna hii, HP-1, mwaka 1976, yaani miaka miwili kabla ya Kolwezi. Ikafifia kwa muda mrefu, mpaka Audeze wa Marekani na HiFiMan walipoifufua kuanzia karibu mwaka 2009.

Alinikopesha kwa wiki tano, pamoja na amplifaya ndogo ya betri, maana umeme wetu una ratiba yake.

Usiku wa kwanza nilifanya kosa la kila mtu mwenye chombo kipya: nilisikiliza besi. Niliweka rumba ya Kinshasa ya miaka ya 1980, na besi ilishuka chini kabisa bila kuvimba na bila kubakiza mtikisiko baada ya noti kwisha. Nilicheka peke yangu gizani. Usiku wa pili nikaweka Missa Luba, misa waliyoimba vijana wa Kamina chini ya Padre Guido Haazen. Nilizisikia ngoma nje ya kichwa changu, mbali kidogo, na hewa baina yake na waimbaji. Hii ndiyo kazi ya mgongo ulio wazi. Sauti ya nyuma ya utando inaondoka zake badala ya kugonga kifuniko na kurudi sikioni, na muziki unakosa lile jambo la kufungiwa ndani ya debe.

Usiku wa tatu ndipo nikamweka Bosco.

Ile rekodi ya wimbo wake wa Masanga aliyoifanya Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Likasi, siku hizo ikiitwa Jadotville, nimeisikia mara zisizo na idadi. Tracey alizoea kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza mbele ya mpigaji. Ilikuwa maikrofoni moja na njia moja, kwa hiyo sauti ya kushoto na ya kulia ni ile ile. Matokeo yake yalinivunja moyo. Upana wote niliousifu jana yake ulitoweka, na Bosco akakaa katikati ya fuvu langu kama mtu aliyepewa chumba kikubwa akaketi kwenye kona. Juu yake mvumo wa mashine, mikwaruzo, vumbi la miaka sabini. Nikajiuliza dola elfu na zaidi zimenunua nini, ikiwa si kunisogezea uchafu karibu.

Sikuivua, namshukuru Mungu. Mara ya nne au ya tano niliacha kutafuta upana, nikatafuta mkono. Wapiga gitaa wa Katanga wa enzi ile walitumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene, shahada inacheza juu kwenye nyembamba, na waliosikia redioni waliapa kwamba ni magitaa mawili. Hata mimi, fundi, kwa miaka yote hiyo nilijua kwa kuambiwa kwamba ni mtu mmoja. Usiku ule nilisikia. Gumba lilikuwa linagusa uzi kwa nyama, mguso mnene usio na ncha, na shahada inang'oa. Nilisikia uzi mnene unavyokatwa na kiganja kabla ya noti inayofuata. Vidole vilikuwa vya mkono mmoja, vinapumua pamoja. Ubora wa utando ule uko hapo, katika wepesi wa kuanza na wepesi wa kunyamaza, na rekodi ya njia moja haiwezi kuuficha.

Mafua, basi, Bosco hakuwa nayo. Lakini sitaki kuisifu kaske ile kuliko haki yake. Sauti za wanawake zilirudi nyuma hatua moja, kana kwamba mwimbaji ameketi safu ya pili kanisani. Uzito wake unazidi gramu 600, na baada ya saa moja shingo inauliza maswali. Vumbi letu jekundu la kiangazi lilinitia hofu kila siku, kwani wavu ule hauzuii kitu na utando haufutiki, nikawa naifunga kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Jenereta la jirani likiwaka, umesikia jenereta. Na anayelala karibu nawe atasikia wimbo wako wote, kwa sauti nyembamba kama ya mbu.

Jumapili ya mwisho kabla kijana hajarudi Ulaya, alikuja baba mukubwa, kaka wa baba yangu, mzee wa miaka themanini na sita. Miaka ya 1950 aliishi Jadotville na alikuwa akipiga gitaa kwenye sherehe. Nilimvisha kaske, nikaweka Masanga. Alifumba macho. Katikati ya wimbo akaivua.

"Ni muzuri sana," akasema. "Lakini benyewe aba banasikia nini?"

Wajukuu walikuwa wameketi mkekani wakimtazama. Nikailaza hedifoni mezani, upande wa masikio juu, nikapandisha sauti mpaka mwisho. Wakasogea. Gitaa lilisikika dogo, limekonda, nyuzi za juu tu. Nilijua sababu: masikio yakiiacha, hewa ya nyuma ya utando inazunguka na kuifuta ya mbele, na noti za chini ndizo zinazofutwa kwanza. Shahada ilikuwa inacheza peke yake.

Nilinyoosha mkono niizime. Mzee akanizuia. Aliinamisha kichwa, akasubiri mzunguko uanze tena, kisha kwa gumba la mkono wa kulia akaanza kugonga ubao wa meza, taratibu, akiguna noti za chini kooni, kila moja mahali pake.