Kuazima Ulimi

Kila biashara changa huzaliwa na njaa mbili: njaa ya mtaji na njaa ya kusikiwa. Ya kwanza huweza kutulizwa kwa mkopo. Ya pili haitulii upesi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko la leo, lenye kelele nyingi, hata kizuri hakina budi kutembea. Basi mwenye kampuni changa, ambaye mchana ni fundi na usiku ni karani wa hesabu zake, hujiuliza: makala za kuwaelimisha na kuwavuta wanunuzi aziandike mwenyewe, au ampe wakala kazi hiyo kwa ujira wa kila mwezi?

Hoja za kumtetea wakala si dhaifu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kuandika ni ufundi, na fundi wa mitambo si lazima awe fundi wa maneno. Wakala ana waandishi na wachoraji tayari. Kazi hutoka kwa wakati, na mwenye kampuni hubaki na saa za kutengeneza bidhaa yake.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwandishi wa wakala huandika asubuhi habari za viatu, adhuhuri za dawa, jioni za mikopo. Aghalabu hukusanya yaliyokwisha kusemwa na wengine, akayapamba. Lugha huwa safi, ila haina jasho, na msomaji huutambua upungufu huo. Tena iko hasara kubwa zaidi. Biashara changa bado haijijui. Kwa kusema na kujibiwa ndipo hugundua bidhaa yake inamfaa nani na inamkera nani. Amwachiaye mwingine kusema, humwachia pia kusikia.

Mwaka 1900 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, walikuwa na kampuni ya mipira ya magurudumu yenye umri wa miaka 11. Magari nchini mwao yalikuwa machache mno. Wakatoa kitabu cha kumwonyesha msafiri mahali pa kupata petroli, fundi na malazi, wakakigawa bure hata mwaka 1920. Walijua jambo ambalo muuza mipira hulijua kuliko wote: asafiriye ndiye achakazaye mipira.

Kinyume chake ni De Beers, kampuni ya almasi iliyoundwa mwaka 1888. Mwaka 1938 iliwaajiri mawakala wa N. W. Ayer wa Marekani, na mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, alitunga tamko la maneno manne lililoifanya almasi kuwa alama ya mapenzi yasiyokoma. Wakala alifaulu sana. Lakini kampuni aliyoisemea ilikuwa na nusu karne, nayo ilijua inauza nini.

Hukumu basi si ngumu. Mkono huazimwa: wa kusahihisha, wa kuchora, wa kufasiri, wa kusambaza. Ulimi hauazimwi kabla mwenyewe hajajifunza kusema. Mwenye kampuni aandike kidogo, hata kwa kigugumizi, mpaka ajue neno lake. Kisha amwite wakala alikuze. Sauti iliyokuzwa ina faida pale tu ilipokuwapo sauti.