Mbwa namba nne na programu yangu

Leo sina mafunzo ya kuandika kodi. Nina kisa changu mwenyewe, na si kisa cha kujivunia.

Ndugu yangu mdogo anaendesha bodaboda Kisauni. Jioni moja alinijia na daftari. Karibu na stendi yao kuna duka la kubeti, na ndani kuna televisheni inayoonyesha mbio za mbwa. Si mbwa wa kweli, ni picha za tarakilishi. Kila baada ya dakika chache mbwa sita wanakimbia, mmoja anashinda, wengine wanaanza upya. Akaniambia, "Kaka, wewe umesomea kompyuta chuo kikuu. Hii ni programu tu, na programu iliandikwa na mtu kama wewe. Tafuta siri yake."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nilifurahi, kwa sababu swali lenyewe ni tamu. Daftari lilikuwa na matokeo ya mbio 120. Nikayaingiza kwenye tarakilishi, nikaandika programu ndogo ya kujaribu kanuni mbalimbali: mbwa aliyeshinda jana, mbwa asiyeshinda siku nyingi, namba shufwa baada ya witiri, na kadhalika. Nilijaribu kanuni 40. Moja ikang'ara: namba nne akikosa kushinda mbio 12 mfululizo, mwekee pesa. Katika daftari hali hiyo ilitokea mara 11, na namba nne akashinda mara 5. Kwa mbwa sita ungetarajia ushindi mara 2 hivi.

Nikamwonyesha ndugu yangu. Nilimwambia, "Inaonekana kuna kitu hapa, lakini ngoja nihakikishe." Yeye alisikia nusu ya kwanza tu.

Jumamosi iliyofuata namba nne alikosa mara 12. Ndugu yangu akaweka shilingi 100. Akakosa. Akaweka 200, kisha 400, 800, 1,600, na mwisho 3,200. Zote zilikwenda. Jumla ni shilingi 6,300, pesa alizokuwa ameziweka kulipia pikipiki mwezi ule.

Usiku huo ndipo nilipofanya kazi niliyopaswa kuifanya mwanzo. Tuliandika mbio mpya 200, bila kubeti hata senti, nikaipima kanuni ile ile. Hali ilitokea mara 21. Namba nne alishinda mara 3. Yaani bahati tupu, moja kati ya sita au chini kidogo.

Kosa langu lilikuwa wapi? Ukijaribu kanuni 40 zisizo na maana yoyote, na kila moja ina nafasi ya asilimia 5 ya kuonekana nzuri kwa bahati, utarajie mbili zikudanganye. Mimi nilitafuta kanuni ndani ya daftari, kisha nikaipima kwa daftari lilelile. Ni kama mwalimu kuwapa wanafunzi mtihani pamoja na majibu yake, halafu akashangaa wamefaulu. Jambo hili nilifundishwa darasani, na nililijibu vizuri kwenye mtihani.

Na ile hesabu ya kuongeza dau maradufu? Kama nafasi ya mbwa ni 1 kati ya 6, kukosa mara sita mfululizo hutokea mara 33 katika 100. Si mkosi, ni jambo la kawaida. Mbwa wa picha hajui kwamba amekosa mara 12. Hana deni na mtu.

Wengine mtasema, lakini programu huweza kuvunjwa. Ni kweli. Mwaka 1999 kundi la wataalamu wa usalama wa programu huko Marekani waliuvunja mchezo wa karata wa poker wa mtandaoni. Programu ile ilichanganya karata kwa kutumia mbegu iliyotoka kwenye saa: idadi ya milisekunde tangu usiku wa manane. Karata 52 zinaweza kupangwa kwa namna nyingi mno, namba yenye tarakimu 68, lakini siku nzima ina milisekunde 86,400,000 tu. Walipolinganisha saa yao na ya seva, walibakiwa na mbegu kama 200,000 za kujaribu. Wakiziona karata tano, walizijua zote. Lakini angalieni: wao walikuwa na kodi ya kuchanganya karata, iliyokuwa imetangazwa hadharani. Hawakuwa na daftari la mbio 120.

Tena hata bila siri yoyote, duka linashinda kwa hesabu rahisi. Mbio moja tuliyoiandika ilikuwa na odi hizi: 3.20, 4.00, 5.00, 5.50, 7.00 na 9.00. Gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha. Utapata 1.198. Mchezo wa haki ungetoa 1 kamili. Ukiwabeti mbwa wote sita kwa uwiano huo, kila shilingi 100 inakurudishia 83 na senti kadhaa, mbwa yeyote akishinda. Zinazobaki ni za mwenye duka. Hahitaji kumwibia mtu.

Nilimpa ndugu yangu zile 6,300, maana kanuni ilikuwa yangu. Alizikataa mara mbili, ya tatu akazipokea, tukaenda pamoja kulipia pikipiki. Njiani akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, programu yako ilikuwa mbovu?" Nikamjibu programu ilifanya kazi sawasawa. Aliyeharakisha kusema ni mimi.

Ukipita karibu na duka kama lile, piga hesabu hiyo ya odi kwenye simu kabla ya kutoa pesa. Ni dakika moja tu. Tuonane wiki ijayo, tutarudi kwenye hifadhidata.