Njiwa Aliyerudi Siku ya Sita

Ndugu msomaji, wako watu ambao Jumapili asubuhi utawakuta kanisani, wako watakaokuwa sokoni wakitafuta kitoweo, na wako watakaokuwa wangali wamelala kwa uchovu wa zamu ya usiku. Mimi, ukipita kwangu Temeke baina ya saa mbili na saa nne, utanikuta nimeketi uani juu ya kreti la soda, uso nimeuelekeza magharibi, naitazama mbingu. Jirani mmoja mgeni aliwahi kumwuliza mama watoto kama mzee huyu ni mzima. Mama watoto akamjibu kwamba mzee ni mzima, ila anasubiri wageni wake wajao kwa njia ya hewa.

Wageni hao ni njiwa. Nimewafuga tangu mwaka 2006, nao wamenipa furaha nyingi na aibu moja kubwa. Leo nataka nikusimulie habari za furaha hiyo pamoja na aibu yenyewe, kwa maana naamini kwamba mzazi yeyote mwenye watoto na mfugo, hata kama ni kuku watatu tu, hatakosa humo neno la kumfaa.

Nilianza kwa ujinga. Nilinunua njiwa wanne wakubwa gulioni, nikawafungia siku tatu, kisha nikawafungulia nikitazamia kwamba shukrani ya mtama wangu itawarudisha. Waliruka, wakazunguka mara mbili juu ya mabati, wakaenda zao. Nilipomwendea yule aliyeniuzia, niliwakuta wote wanne wametulia juu ya banda lake. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mzee wangu, mimi nimekuuzia njiwa, moyo wao sikukuuzia." Hilo likawa somo langu la kwanza. Njiwa mkubwa aliyekwisha kuruka hulikumbuka banda alilozaliwa, na huweza kulirudia hata baada ya miezi. Atakaye njiwa wa kurejea kwake hana budi kuwanunua wazazi, kuwaweka ndani wasitoke, na kuwafundisha wale watoto watakaozaliwa hapo.

Tabia hiyo ya kurejea nyumbani ndiyo iliyomfanya njiwa awe tarishi wa watu tangu zama za kale. Mwaka 1850, kabla waya za simu hazijaunganishwa baina ya Aachen na Brussels, bwana Reuter alitumia njiwa kuvusha habari za biashara katika pengo la kilomita 120 hivi. Katika nchi ya Ubelgiji mashindano ya njiwa yamekuwa mchezo wa wafanyakazi wa viwandani na migodini kwa vizazi kadhaa, na huko mwaka 2020 njiwa jike mmoja aitwaye New Kim aliuzwa kwa Euro milioni 1.6. Usishtuke, msomaji. Njiwa wangu ni hawa hawa njiwa manga wa mchanganyiko, na mashindano yetu yalikuwa ya wanaume wanne wa karakana moja. Zawadi ya mshindi ilikuwa kreti la soda, lile lile ninalolikalia hadi leo.

Banda la njiwa si lazima liwe zuri, bali lazima liwe kavu. Liinuliwe kutoka chini ili panya na paka wasipate njia, lipitishe hewa bila kupiga upepo mkali, na lizibwe kwa wavu, maana kunguru wa Dar es Salaam hawana haya ya kuiba mayai wala makinda. Usiwajaze. Njiwa waliobanana hugombana, na wagombanao huugua. Kila njiwa hutosheka na gramu 30 hivi za nafaka kwa siku. Mimi huchanganya mtama, mahindi yaliyovunjwa, ngano kidogo, na choroko au kunde kwa ajili ya kujenga mwili. Ongeza changarawe ndogo na makombe ya pwani yaliyopondwa, kwa sababu njiwa hana meno. Firigisi ndiyo kinu chake, na changarawe ndizo mchi. Maji yawe safi kila siku, na mara moja au mbili kwa wiki wape karai la kuogea.

Jike hutaga mayai mawili, na wazazi wote wawili huyaatamia kwa siku 17 au 18. Dume hushika zamu ya mchana, jike hushika ya jioni hadi asubuhi. Mama watoto alipoyaona hayo aliniambia kwamba sasa amepata shahidi. Makinda wakishaanguliwa, baba na mama huwalisha uji mweupe mfano wa maziwa, utokao katika gole, yaani kile kifuko cha chakula kilicho shingoni. Likumbuke gole hili, maana aibu yangu ilipitia humo.

Mafunzo huanza kinda akiwa na majuma sita hivi. Kwanza mzoeshe sauti moja ya kumwitia chakula; mimi hutikisa kopo lenye mtama. Kisha mwache akae juu ya banda, alitazame paa lake, mnazi wake na majirani zake. Umfungulie akiwa na njaa kidogo, kwani aliyeshiba hana haraka ya kurudi. Baada ya majuma machache ya kuruka karibu na nyumba, ndipo umweke katika tenga umpeleke kilomita mbili, halafu tano, na kila mahali urudie mara kadhaa kabla ya kusogea mbele. Sisi tulifuata barabara ya Morogoro: Ubungo, Kimara, Kibamba, Kibaha, Mlandizi, na hatimaye Chalinze. Dereva wa lori, ndugu yangu wa kuaminika, ndiye aliyekuwa akilichukua tenga. Alipofika aliwaacha watulie robo saa wakiiona mbingu, ndipo akafungua na kunipigia simu: "Kaka, wageni wako wameondoka." Wakiachwa Chalinze saa moja asubuhi, saa mbili na nusu hivi nilikuwa nikiwaona juu ya minazi.

Asubuhi ndiyo saa yao. Ikifika adhuhuri upepo huvuma kutoka baharini kuelekea bara, na njiwa atokaye Chalinze hukutana nao usoni. Tena liko jua. Mtaalamu Mjerumani, Gustav Kramer, alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba ndege hulitumia jua kama dira. Mwaka 1971 William Keeton wa Marekani alieleza kwamba njiwa waliofungwa sumaku walipotewa na mwelekeo siku za mawingu, ilhali siku za jua walikwenda vyema. Huko Pisa, Italia, Floriano Papi na wenzake wakaonyesha kwamba hata harufu za upepo humwongoza. Njiwa, basi, ni kama msafiri mwenye dira mbili na pua njema. Ukimnyima kimoja atajitahidi kwa vilivyobaki, lakini usimnyime kwa kusudi.

Mimi nilimnyima kwa kusudi. Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa na dume wa kijivu mwenye mistari miwili mieusi bawani, ambaye binti yangu wa pili, wakati huo mwenye miaka tisa, alimwita Msafiri. Nilikuwa nimemwahidi mtoto huyo kwamba makinda wawili wa Msafiri, waliokuwa na siku tano tu, watakuwa wake mwenyewe. Jumamosi ile tulikuwa na shindano. Lori lilichelewa njiani kwa pancha, na dereva alinipigia simu saa nane mchana kunieleza kwamba Chalinze kuna mawingu mazito. "Kaka, niwarudishe nao?" Wenzangu watatu walikuwa wameketi uani kwangu, wakitabasamu. Niliona haya kuahirisha. Nikasema, "Wafungue."

Kati ya njiwa wangu sita, watatu walifika jioni wakiwa hoi, na wawili wakafika kesho yake. Msafiri hakuonekana. Binti yangu alikaa nami uani siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne aliniuliza, "Baba, nani alisema wafunguliwe?" Nikamjibu kwamba maneno ya wakubwa si ya watoto. Jike alikuwa akiwalisha makinda peke yake.

Siku ya sita, baada ya magharibi, Msafiri alitua juu ya mabati. Alikuwa amekonda, na manyoya ya mkia yamepungua. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mama watoto, ambaye hajasoma kitabu hata kimoja cha njiwa, alisema, "Mweke peke yake kwanza. Hatujui alikolala wala alichokunywa." Binti naye akaleta kikapu cha kumtengea. Mimi kwa furaha, na pengine kwa haja ya kuifuta hatia yangu upesi, nilikataa. Nikamfungulia mlango, akaingia moja kwa moja, akanywa katika chombo cha wote, akapanda kwenye kiota, akawalisha makinda wake mdomo kwa mdomo. Nikasema, "Tazama baba mwema." Maneno hayo huniuma hadi leo.

Haikupita juma moja, binti akanijia asubuhi. "Baba, makinda wananuka mdomoni." Nilimwambia kila kinda hunuka. Siku ya pili nilipowafungua midomo nilikuta kitu cha manjano, mfano wa jibini, kimeziba koo. Kesho yake walikufa wote wawili, mmoja kabla ya saa sita na mwingine alasiri. Baadaye wakafuata wakubwa. Katika njiwa kumi na wanane wakabaki kumi na mmoja.

Bwana Mifugo alipofika alinieleza kwamba huo ni ugonjwa wa koo uletwao na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hupita katika maji wanayochangia na katika ule uji wa gole. Njiwa wakubwa wengi huwa navyo bila kuugua, lakini mgonjwa au aliyechoka anaweza kuvimwaga kwa wingi, na kinda hana nguvu ya kuvihimili. Alitoa dawa, nayo ilitolewa kwa njiwa wote kwa pamoja, wazima na wagonjwa, kwani kumtibu mmoja na kuwaacha wenzake ni sawa na kufagia ua upande mmoja wakati wa upepo. Akanifundisha pia dalili nyingine: shingo inayopinda pamoja na kinyesi cha majimaji, ambayo ni dalili ya maradhi yaliyo ndugu wa kideri cha kuku, nayo ina chanjo, vidutu vya ndui kuzunguka macho na mdomo, viletwavyo na mbu, na nzi bapa wanaojificha manyoyani, ambao hueneza malaria ya njiwa. Akaniasa nijifunge kitambaa puani nifagiapo banda na kunawa mikono kwa sabuni, kwa sababu vumbi la njiwa likivutwa miaka mingi huumiza mapafu ya mfugaji.

Hayo yote niliyashika. Lililokuwa gumu ni jingine. Binti yangu alikuwa hakanyagi tena bandani. Alikuwa akipita uani ameangalia chini, kama mtu apitaye mbele ya nyumba yenye deni lake. Katika malezi yetu, msomaji, baba kumwomba mtoto radhi si jambo tulilozoea. Wengi wetu hununua pipi tukadhani tumesema. Mimi nilinunua pipi. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu, akampa mdogo wake.

Ndipo jioni moja nikamwita, nikaketi juu ya mchanga ili tulingane kimo, nikamwambia, "Mwanangu, ni mimi niliyesema wafunguliwe. Na ni mimi niliyekataa kikapu chako. Wewe na mama yako mlikuwa na haki." Hakusema neno. Baada ya kitambo aliinuka, akaenda akakichukua kile kikapu, akakiweka upande wa pili wa ua, mbali na banda. Kisha akaleta daftari la shule.

Kikapu kile kikageuka chumba cha wagonjwa, na daftari likawa sheria ya nyumba. Njiwa mgeni hukaa peke yake majuma matatu. Aliyepotea akarudi hukaa siku kumi, na chombo chake cha maji hakichanganywi na vingine. Hakuna njiwa anayefunguliwa wakati wa mawingu mazito, wala mchana, hata kama wenzangu wote wamekaa wakitabasamu. Aliyeandika sheria hizo alikuwa na miaka tisa, nami nimezitii tangu siku hiyo.

Msafiri alipona. Sikumpeleka tena mbali. Alizaa watoto wengi, na aliishi hadi mwaka 2019. Binti sasa ni mtu mzima, anaishi na kufanya kazi Mwanza. Apigapo simu Jumapili, baada ya kuamkia, swali lake la kwanza ni, "Baba, maji umebadilisha?"

Basi, ndugu msomaji, ukipita kwangu na kuniona juu ya kreti naitazama mbingu, usidhani kazi ya mfugaji ni kutazama juu. Kabla sijaketi hapo nimekwisha kuinama, nimesugua vyombo, nimeviacha vikauke juani, na nimelitazama koo la kila kinda.