Kutembea Kwetu: Siku Mbili kwa Miguu mu Lubumbashi

Katika Kiswahili chetu cha Katanga, neno "kutembea" linabeba mizigo miwili. Mtu akisema "leo niko natembea", pengine anazunguka tu kwa miguu, lakini mara nyingi anataka kusema anakwenda kuona watu kwao. Wazee hawakuwa na lazima ya kutenganisha maana hizo mbili, kwani hakuna aliyekwenda kwa ndugu yake isipokuwa kwa miguu, au kwa kinga kama Mungu alimbariki. Leo tunapanda taksi, tunapanda pikipiki, na maana moja imeanza kuiacha ingine nyuma.

Tulikuwa watu wane, walimu wa sekondari kutoka Likasi. Lubumbashi iko karibu kilometa 120 na kwetu, na kila mmoja wetu ameifika mara nyingi: kwa mitihani, kwa matanga, kwa kutafuta makaratasi ya kazi. Lakini kuifika mji si kuujua. Kwa hiyo tukapatana: tukishuka mu bisi siku ya posho asubuhi, hakuna tena gari mpaka siku ya Mungu jioni. Mwenzetu wa jeografia akaja na viatu vya harusi. Tulimwangalia, tukanyamaza.

(Hata "siku ya posho" ni historia. Jumamosi yetu ilipewa jina hilo sababu ya posho, kile chakula ambacho makampuni ya zamani yaligawia wafanyakazi wao. Bana ba masomo wanalitamka kila juma bila kuuliza.)

Siku ya kwanza tulizunguka mu ville. Tuliona kanisa kubwa la matofali la Watakatifu Petro na Paulo, tukaona jengo la zamani la teatre ambalo leo watu wanaliita la 30 Juin, tukapita ku Posta. Ni vizuri, lakini hayo yote mtu anaweza kuyaona kwa dirisha la gari. Tulisimama zaidi mbele ya shimini na ule mlima mweusi. Shaba ya kwanza iliyeyushwa pale mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya njia ya reli kufika na mji kuzaliwa kwa jina la Élisabethville. Mlima wenyewe ni takataka ya miaka yote ile ya kuyeyusha. Lakini ndani yake mlibaki kobalti, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 unachimbwa upya. Mwenzetu wa kemia alitaka kutupa somo zima. Jua lilikuwa kali, tukamwomba atuhurumie, tukaenda kutafuta michopo.

Siku ya Mungu, kisha misa, tukashika njia ya Kamalondo. Hapo ndipo miguu ilitufundisha. Mu taksi, kutoka ville mpaka Kamalondo ni dakika chache, haujamaliza hata kulipa. Kwa miguu unasikia kwamba njia inarefuka, kwamba mji unakatika kidogo mbele ya kuanza tena. Kukatika huko kulitengenezwa. Wakati wa wabeleji, kati ya mji wa wazungu na site ya weusi waliacha uwanda mtupu, wakauita "zone neutre". Walisema ni kwa ajili ya magonjwa, mbu na malaria. Ukweli ni kwamba usiku mweusi bila karatasi ya ruhusa hakuwa na haki ya kuonekana ng'ambo ile. Leo wamejenga fasi nyingi mule, na kijana anayepita na simu ku sikio hajui anavuka kitu gani. Lakini magoti yanajua.

Mwenzetu wa Kifaransa alikuwa na shida yake ya siri. Marehemu mama yake alizaliwa mu Kamalondo, na mu kitabu chake cha sala aliandika jina la avenyu na namba ya lupango. Tulilipata. Geti ni ya chuma mupya, lakini mwembe uko. Tukabisha hodi.

Mama mmoja mzee sana alikuwa amekaa kwa kivuli. Hakuuliza tunatafuta nini. Alimtuma mujukuu kuleta viti, kisha maji, kisha munkoyo, na alipoona tumekunywa njo akasema: "Sasa, batoto, habari ya kule mulitoka?" Desturi hiyo sisi tunaihubiri mu kalasi, somo la uraia, lakini kwetu majumbani mgeni asiyepiga simu kwanza tunamwangalia kwa tundu la mlango.

Mama wa mwenzetu hakumjua. Jamaa yake ilinunua lupango lile mu miaka ya 1970, kwa watu wengine kabisa. Rafiki yetu aliinamisha kichwa. Yule mama akamshika mkono, akasema: "Mama yako sikumujua, lakini muembe unamujua. Angaria muzuri." Basi dada yetu akaenda akasimama chini ya ule mti, na sisi wanaume tukajifanya tunaongea mambo ya Mazembe.

Tulipoaga, mzee akatafuta fimbo yake. Tukakataa: "Hapana mama, usisumbuke, jua ni mingi." Akakasirika. "Mugeni haendake peke. Tutabasindikiza." Basi tukatembea kwa mwendo wake, mujukuu nyuma amebeba kiti cha plastiki, na kila hatua makumi mawili anaketi, anasalimia watu wa lupango hili na lile, anatutambulisha kama "bageni bangu ba Likasi". Njia ya dakika kumi ilichukua karibu saa nzima. Mwenzetu wa viatu vya harusi alikuwa sasa anavibeba mkononi, na hakuna aliyemcheka.

Njiani alitusimulia habari ya baba yake mudogo, aliyekuwa boyi kwa wazungu mu ville na alilala kule kule, mu kijumba nyuma ya lupango la bwana wake. Kila siku ya Mungu alikuja kwa miguu kula bukari na ndugu zake mu Kamalondo. Jioni watu wa nyumba yote, na batoto, walimsindikiza.

"Mpaka wapi?" tukauliza.

Alisimama pale nyumba za zamani za Kamalondo zinapoishia, akaonyesha kwa fimbo.

"Mpaka hapa. Yeye alikuwa na karatasi, sisi hapana. Hapa njo fasi tulikuwa tunaachana."

Kisha akaangalia mbele, kwenye balabala iliyojaa magari, akamwambia mujukuu abebe kiti tena. Alitaka kutufikisha ng'ambo.