Kuku wa Fan Jin

Kila mwaka majina ya waliofaulu yabandikwapo mlangoni mwa shule, mimi husimama mbali kidogo, nikazitazama nyuso za watoto. Ndipo nilipopata hamu ya kusoma habari za Wachina wa zamani, maana walikuwa watu wa mitihani kweli kweli.

Zamani za wafalme wa Qing, waliotawala tangu mwaka 1644 hata 1912, mtu aliyetaka cheo ilimpasa kujua maandiko ya Confucius. Mtihani wa jimbo ulikuwa kwa kawaida mara moja katika miaka 3. Kila mmoja aliingizwa katika kijumba chake, akala humo na kulala humo, akiandika insha ya sehemu 8 kwa kanuni kali. Wengi waliingia, wachache mno walifaulu. Wengine walirudia hata wakaota mvi.

Wu Jingzi (1701-1754), ambaye naye hakuupita mtihani wa jimbo, aliandika kitabu kirefu juu ya wasomi hao, jina lake Rulin waishi. Humo mna maskini mmoja, Fan Jin, aliyejaribu zaidi ya mara 20 kabla ya kupata hata daraja ya kwanza. Baba mkwe wake, mchinjaji, humtukana waziwazi. Siku ya majibu ya jimbo mama yake ana njaa, naye yuko sokoni akiuza kuku wao wa mayai. Jirani amwambia, “Umefaulu,” wala hasadiki. Afika nyumbani, asoma karatasi, apiga makofi, acheka, aanguka. Kumbe amerukwa na akili! Aponywa kwa kofi la mkwewe, na mkwe yule sasa atetemeka, akidhani amempiga mtu wa mbinguni. Mara tajiri amletea fedha na nyumba. Walakini elimu yake ni ile ile aliyokwenda nayo sokoni na kuku.

Mitihani ile ilikomeshwa mwaka 1905. Mkwe yule, lakini, namjua.

Mwaka juzi nilipishana njiani na kijana niliyemfundisha miaka 4. Jina lake halikuwamo katika orodha. Alikuwa akichunga mbuzi. Nikajifanya nina haraka, nikatazama upande wa pili.

“Shikamoo, mwalimu,” akasema.

Niliitikia marahaba nikiwa nimekwisha mpita. Jumamosi hii nakwenda kwao.